Mkutano wa Karvingi ya Snoubodi Kwenye Milima ya Alps: Mwongozo Kamili wa Kupanga Safari

Lifti ya kwanza ya kupandisha watu mlimani huondoka mnamo saa mbili na nusu asubuhi. Kufika saa tano theluji ya Machi huwa imeanza kulegea, na saa sita ikigonga njia ya kutelezea imeshachimbwachimbwa na mamia ya watu. Raha yote ya karvingi iko hapo katikati. Mtu anaweza kusafiri kutoka Dubai au Toronto kwa ajili ya saa hizo chache za kila asubuhi, halafu akazipoteza kwenye foleni ya tiketi au akihangaika kutafuta bisibisi. Kwa hiyo hapa tutapanga kila kitu kwa kurudi nyuma kutoka saa hiyo ya lifti.

Kwa asiyeujua mchezo huu: snoubodi ni kuteleza kwenye theluji ukiwa umesimama juu ya ubao mmoja, na karvingi ni kuukalisha ubao huo juu ya makali yake ya chuma, ukate theluji bila kuburuzika upande. Nyuma unabaki mstari mmoja mwembamba. Ukiona alama pana kama ya fagio, huyo ameburuza. Wengi wanaokutana kwa ajili ya karvingi hutumia buti ngumu za plastiki na ubao mrefu mwembamba, wa aina aliyotumia Ester Ledecká kupata dhahabu ya Olimpiki mwaka 2018 na 2022. Wengine huulaza mwili mpaka nyonga, kiwiko na mkono vinapita juu ya theluji. Mtindo huo wa kulala kabisa ulienezwa na Waswisi wawili, Jacques Rilliet na Patrice Fivat, kwa jina la extremecarving, na kijiji cha Zinal katika jimbo la Valais, Uswisi, kinajulikana sana kwa wapenzi wake. Nitatumia Zinal kama mfano. Ukienda kwingine, badilisha majina tu.

Mikutano hii si mashindano. Hakuna saa ya kupima wala medali. Watu wanateleza pamoja, wanajaribu mbao za wenzao, wanapigana picha za video, jioni wanakula na kubishana kuhusu pembe za vishikio vinavyofunga buti kwenye ubao.

Hatua ya 1: Chagua tarehe na mlima

Usichague kwa picha. Waulize waandaaji maswali haya: njia zina upana gani, mashine ya kusawazisha theluji hupita kila usiku, siku za mkutano zinaangukia likizo za shule? Njia nyembamba yenye watoto wa shule ya ski haifai hata kama mandhari yake ni ya kadi za posta. Njia nzuri ni pana, ina mteremko wa kati (kwa kawaida ile ya alama nyekundu), na haina kona kali. Jumatatu hadi Alhamisi ni bora kuliko wikendi, na Februari ina likizo za shule Uswisi na Ufaransa zinazopokezana wiki hadi wiki.

Januari theluji huwa ngumu na kavu kutwa, lakini siku ni fupi na baridi haina huruma. Machi usiku huganda, mchana huyeyuka, kwa hiyo asubuhi ni tamu na mchana ni uji. Kuna jambo dogo ambalo wenyeji hulijua: Jumapili ya mwisho ya Machi saa za Ulaya husogezwa mbele. Baada ya hapo jua linachelewa kwa saa moja kwa mujibu wa saa ya ukutani, na theluji inakaa ngumu mpaka karibu saa sita. Siku hiyohiyo tofauti ya saa kati ya Uswisi na Afrika Mashariki hupungua kutoka mbili hadi moja, kwa hiyo angalia vizuri tiketi za ndege na basi.

Waislamu waangalie pia kalenda ya Hijria. Mwaka 2026 Ramadhani inaanguka takriban kati ya 18 Februari na 19 Machi, na 2027 takriban 8 Februari hadi 9 Machi, katikati kabisa ya msimu wa mikutano. Kuteleza kwa nguvu kwenye mwinuko wa mita 2,500 ukiwa umefunga, bila maji, si jambo la kujaribu kwa kishindo. Wiki ya mwisho ya Machi, baada ya Idi, inakaa vizuri zaidi kwa miaka hiyo yote miwili.

Waulize pia kama buti laini zinakaribishwa (sehemu nyingi ndiyo), kama kuna anayewashika mkono wageni, kama watengenezaji wa mbao wataleta za majaribio, na kama kuna ada. Mara nyingi ada ni ya chakula cha pamoja tu. Tiketi ya lifti unajilipia.

Hatua ya 2: Jipime kabla ya kulipa

Huhitaji kuwa bingwa, ila mambo matatu ni ya lazima. Uweze kusimama mara moja kwa makali ya upande wa vidole na ya upande wa visigino. Uweze kushuka njia nyekundu ukiunganisha kona bila kuanguka kila mara. Na uweze kupanda lifti ya kukokota, ile ya fimbo inayokuvuta ukiwa umesimama juu ya ubao, kwa sababu ukianguka humo unasimamisha mstari mzima nyuma yako.

Kama hujafika hapo, anza karibu na kwako. Aliye Ghuba ana Ski Dubai, ndani ya Mall of the Emirates, iliyofunguliwa mwaka 2005. Njia yake ndefu kuliko zote ina kama mita 400. Kona kubwa hazikai humo, lakini kusimama, kubadilisha makali na kuzoea lifti vinafundishika vizuri sana. Aliye kusini mwa Afrika ana Afriski huko Lesotho, juu ya mita 3,000, ambako msimu ni Juni hadi Agosti. Kuna faida ya ziada hapo: ukijifunza Julai, una nusu mwaka wa kujiandaa kwa Alps. Anayeishi Ulaya au Amerika Kaskazini achukue siku mbili tatu na mwalimu, na amwambie waziwazi kwamba anataka kufundishwa kukaa juu ya makali.

Hatua ya 3: Viza na bima

Uswisi imo katika eneo la Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya muda mfupi, isipokuwa awe na kibali cha kuishi katika nchi mojawapo ya Schengen. Kuishi London hakukuokoi: kibali cha Uingereza hakihesabiki. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Unaomba mahali unapoishi kihalali, kwa hiyo aliye Muscat au Dubai kwa kibali cha kazi aombe hukohuko.

Barua ya mwaliko kutoka kwa kundi la marafiki wanaoteleza haina uzito mkubwa. Kinachosaidia ni hoteli iliyolipiwa au inayoweza kufutwa, tiketi ya kurudi, barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, na taarifa ya benki isiyo na pesa zilizoingia ghafla wiki iliyopita.

Kuhusu bima, hapa ndipo wengi hujidanganya. Bima ya viza lazima igharamie angalau euro 30,000 za matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, na utaipata kwa bei rahisi. Lakini nyingi za bei hiyo zimeandika kwa herufi ndogo kwamba michezo ya theluji haimo. Ukivunjika mguu mlimani, ubalozi ulikuwa umeridhika, ila hospitali itakudai wewe. Tafuta bima inayotaja kwa maneno michezo ya majira ya baridi, uokoaji wa milimani na helikopta, kwa sababu katika Valais majeruhi hubebwa kwa helikopta mara nyingi na bili huja. Iandike namba ya bima kwenye karatasi na kuiweka mfukoni, maana simu huzima kwenye baridi.

Hatua ya 4: Kufika na kulala

Kutoka uwanja wa ndege wa Geneva kuna treni ya moja kwa moja hadi Sierre, safari ya saa mbili hivi kando ya ziwa kupitia Lausanne, Montreux na Sion. Kaa upande wa kulia, ziwa liko huko. Sierre unapanda basi la njano la posta, unabadilisha Vissoie, na baada ya kama saa nzima ya makona uko Zinal, mita 1,670 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwenye tumbo jepesi anunue dawa ya kichefuchefu kabla.

Wapenzi wa riadha watalitambua jina hilo: mbio za milimani za Sierre-Zinal, kilomita 31, hukimbiwa kila Agosti tangu 1974, na Wakenya kadhaa wamewahi kuzishinda. Kwa hiyo ukisema pale kijijini kwamba umetoka Kenya, usishangae ukiulizwa unakimbia kwa saa ngapi.

Nauli za Uswisi ni kali. Linganisha kadi ya nusu nauli ya wageni na tiketi ya siku inayonunuliwa mapema kwenye programu ya shirika la reli; chagua inayokupunguzia gharama zaidi. Halafu lala karibu na kituo cha chini cha lifti. Chumba rahisi kilicho kijiji cha tatu kitakugharimu kila asubuhi. Watu wanne watano wakikodi nyumba moja yenye jiko, bei inashuka sana, na jiko ni muhimu kwa sababu nitakazozieleza mbele.

Hatua ya 5: Vifaa

Buti ndizo za kwanza. Ubao unaweza kuazima, vishikio unaweza kuazima, buti za mtu mwingine zitakuumiza kufika saa nne. Ujue saizi yako kwa sentimita za urefu wa mguu, si kwa namba ya kiatu cha mjini. Zibebe ndani ya ndege kama mzigo wa mkononi. Ubao ukipotea njiani utapata wa kukodi au wa majaribio. Buti ngumu hazikodishwi kila duka.

Pembe za vishikio hutegemea upana wa ubao na urefu wa buti. Kwa buti ngumu wengi wako kati ya digrii 45 na 65: ubao mwembamba, pembe kubwa zaidi. Kipimo ni rahisi. Ukiulaza ubao kwenye makali, ncha ya buti isigusane na theluji. Ikigusa, makali yanainuka, na wewe unaondoka kwa mgongo bila onyo. Wa buti laini hutafuta ubao mpana na kugeuza miguu yote miwili mbele.

Sasa makali. Hili ndilo linalotenganisha asubuhi nzuri na asubuhi ya kuburuza, na hufanywa usiku, si kwenye maegesho. Funga ubao mezani, weka tupa ndani ya kishikio chake cha digrii 88 au 89, ivute kutoka puani kwenda mkiani kwa mkono mwepesi. Sikiliza: tupa inapokata hutoa sauti moja ya kukwaruza, inapoteleza kimya ujue sehemu hiyo tayari ni safi, au tupa imejaa vumbi la chuma na inataka kupigwa brashi. Pitisha jiwe la almasi kuondoa vijichuma vilivyojikunja. Kisha geuza kucha ya kidole gumba na uivute kukingama makali. Yakiwa tayari, yanakwangua unga mweupe wa kucha. Yasipokwangua, rudia. Usijaribu kwa nyama ya kidole, damu juu ya meza ya nyumba ya kukodi ina gharama zake.

Nta ipake kulingana na joto la theluji. Ya baridi ni ngumu, ya majira ya kuchipua ni laini. Kila jioni kaza skrubu zote za vishikio kwa bisibisi kubwa au spana ya alenki, na uwe na akiba tatu nne za milimita 6. Vyuma hivi vyote viweke kwenye mzigo wa tumboni mwa ndege, usije ukanyang'anywa getini. Mashirika mengi ya ndege huhesabu mfuko wa ubao kama begi moja la kilo 23, mengine hutaka taarifa mapema kwa sababu ya urefu. Piga simu kabla.

Mavazi: sufu au nailoni ya michezo mwilini, kamwe si pamba, kwa sababu pamba hushika jasho na jasho hugeuka baridi kwenye lifti. Helmeti, miwani ya theluji yenye lenzi mbili (ya jua na ya mawingu), vikinga magoti na viwiko. Glavu za wanaoulaza mwili kwenye theluji hutoboka vidole, hasa mkono unaoburuta. Wengi hubandika utepe mzito juu yake. Na losheni ya jua ni ya kila mtu. Ngozi nyeusi pia huungua kwenye mwinuko ule, theluji ikiwa inarudisha miale kutoka chini mpaka ndani ya pua.

Hatua ya 6: Mwili

Wiki sita hadi nane kabla, fanya kuchuchumaa, kukaa ukutani bila kiti, na kupanda ngazi. Mapaja ndiyo huchoka mwanzo. Mwenye kutoka pwani afike siku moja kabla ya mkutano, anywe maji mengi, asianze kwa fujo.

Hatua ya 7: Asubuhi yenyewe

Tiketi ya lifti umenunua jana. Buti zimelala chumbani kwenye joto, si kwenye gari, maana plastiki iliyoganda haifungiki. Saa mbili na robo uko kwenye kituo cha gari la kebo linalopanda Sorebois, uwanja wa kutelezea ulio juu ya Zinal, mita 2,440 hivi. Tangu msimu wa 2013/14 sehemu hii imeunganishwa kwa kebo na kijiji jirani cha Grimentz, kwa hiyo uwanja ni mpana na kundi linaweza kutawanyika. Kubalianeni mtakutana wapi na saa ngapi.

Mteremko wa kwanza ni wa pole. Theluji iliyotoka kwenye mashine ina matuta madogo yaliyonyooka kama shamba lililolimwa na trekta, na inakupa imani ambayo miguu bado haijaistahili. Angalia barafu iko wapi, njia inapinda wapi, watu wanaingilia wapi.

Halafu ustaarabu. Shirikisho la kimataifa la ski, FIS, lina kanuni 10, na wachezaji wengi wanaijua moja tu: aliye chini ana haki, aliye juu ndiye wa kumkwepa. Ni kweli. Lakini kanuni ya 5 inasema anayeingia njiani, anayeanza tena baada ya kusimama, au anayesogea kuelekea juu lazima aangalie juu na chini kwanza. Na mchezaji wa karvingi anayefunga kona yake vizuri husogea kuelekea juu. Anavuka njia yote kwa upana, kisha anapanda kidogo, huku mtu wa ski nyuma yake akidhani atashuka wima kama wengine. Kwa hiyo kabla ya kila kona kubwa geuza shingo, hasa ile ya visigino ambako mgongo wako unaficha nusu ya mlima. Kwa maoni yangu hili ni kubwa kuliko mbinu yoyote utakayofundishwa kwenye mkutano.

Kundi nalo lina adabu zake. Shuka mmoja mmoja, ukimwachia aliyekutangulia kona tatu nne. Msisimame katikati ya njia wala chini ya mgongo wa mlima ambako hamuonekani. Simameni pembeni, mkiwa mstari mmoja. Anayepiga video akae ukingoni, na wewe usimlenge ili picha ipendeze. Wenye kasi waende na wenye kasi. Ukiwa mgeni, sema mapema: "Mimi nitafuata nyuma." Hakuna atakayekucheka, na mara nyingi mkongwe mmoja atabaki nawe bila kuombwa.

Ukijaribu ubao wa mtu, uliza kwanza una kona ya mita ngapi, yaani nusu kipenyo cha duara la umbo la makali yake. Wa mita 10 unageuka upesi, wa mita 14 unataka kasi na nafasi. Anza nao polepole, urudishe kwa wakati, na useme kama umegonga jiwe.

Likitokea la kutokea, chomeka mbao mbili mwendo kidogo juu ya majeruhi ziwe alama, mtu mmoja abaki naye, mwingine apige 144, namba ya dharura ya matibabu ya Uswisi. Kanuni za FIS zinamtaka kila aliyehusika au kushuhudia ajitambulishe. Usiondoke.

Theluji ikigeuka uji, acha. Ajali nyingi za magoti na vifundo huja pale mtu anaposema "moja ya mwisho" huku mapaja yameshakataa.

Hatua ya 8: Chakula na jioni

Migahawa ya mlimani ni ghali. Beba mkate, mayai, matunda na chupa ya chai. Kwa anayeshika halali: fondi, ile sufuria ya jibini la kuyeyuka, hupikwa kwa mvinyo mweupe na mara nyingi hutiwa pombe kali juu yake. Rakleti ni jibini lililoyeyushwa juu ya viazi, bila mvinyo ndani, ila huletwa na sahani ya nyama zilizokaushwa ambazo mara nyingi zina nguruwe. Uliza, au pika kwenye nyumba mliyokodi. Sufuria ya pilau ya kuku kwa watu kumi itakujengea urafiki kuliko kona yoyote uliyokata asubuhi. Viungo beba kutoka kwako. Duka la kijijini lina pilipili manga na bahati.

Jioni ndiyo pia saa ya kutazama video. Tazama mstari ulioachwa kwenye theluji kuliko mkao wa mwili. Mstari ukinenepa mwishoni mwa kona, uzito wako ulibaki nyuma.

Hatua ya 9: Kufunga mzigo

Kabla ya kuutia ubao mfukoni, ufute makali kwa kitambaa kikavu na uuache ndani ya nyumba usiku mzima. Toa soksi za ndani za buti zikauke. Unyevu uliofungiwa ndani ya mfuko kwa safari ya siku nzima unatosha kutia kutu, na anayerudi Dar, Mombasa au Zanzibar ana hewa ya chumvi inayomsubiri. Ukifika, pasha nta, ipake nene chini ya ubao mpaka ifunike na makali yenyewe, na usiikwangue. Iache hivyo hadi wiki ya safari nyingine, ubao ukiwa umelala chumbani mbali na dirisha la upande wa bahari.